Pedali za gitare: tuulize kabla ya kufungua kasha

 

Juma hili tunajibu ulizo ambalo limetufikia kutoka zaidi ya kikundi kimoja. Vijana wa kwaya wana gitare moja ya umeme. Wanaipiga siku ya Mungu, wanaipiga kwenye arusi na kwenye matanga. Sasa wamekuja mbele ya akina mama na karatasi. Juu yake wameandika majina ya pedali tano na bei kwa dola, na wanaomba mkopo kutoka kasha la akiba. Akina mama wametazamana. Hakuna hata mmoja anayejua pedali ni nini. Wengine wanasema, «Tuwape, ni watoto wetu.» Wengine wanasema, «Hiyo ni feza ya uzazi, ya shule na ya mbegu. Haiwezi kwenda kwenye vitu vya kukanyaga na miguu.»

Pande zote mbili zina haki. Feza ya kasha imetoka kwenye unga, mafuta ya mawese na viazi vilivyobebwa mgongoni. Na kijana mwenye kitu cha kufanya jioni ana sababu moja zaidi ya kubaki karibu na nyumba. Hatusemi kwamba gitare itazuia vita. Tunasema tu kwamba anayekuja kufanya mazoezi mara mbili kwa juma tunajua yuko wapi siku hizo mbili.

Sisi walimu hatuuzi vyombo vya muziki. Lakini tumekaa na vijana wanaopiga na mafundi wa redio, tumesoma vitabu vinavyofuatana na vyombo hivyo, na tumepiga hesabu. Jibu letu kwa ufupi ni hili: msinunue pedali tano, nunueni kifaa kimoja. Na kifaa hicho kichaguliwe kwa kutazama mambo matatu: nyimbo wanazoimba, umeme walio nao, na mgongo utakaokibeba.

Pedali ni nini?

Gitare ya umeme haina tumbo kubwa la kutoa sauti kama gitare ya mbao ya kawaida. Chini ya nyuzi kuna sumaku zilizozungushiwa waya mwembamba sana. Uzi wa chuma ukitetemeka juu ya sumaku, unazaa umeme mdogo. Umeme huo unapita katika waya mpaka kwenye ampli, ampli inaukuza, bafle inautoa kama sauti.

Pedali ni kisanduku kidogo kinachowekwa chini, katikati ya gitare na ampli. Sauti inapita ndani yake na kubadilishwa. Mpigaji anaikanyaga na mguu ili iwake au izime, kwa sababu mikono yake iko kazini.

Ziko aina nyingi, lakini mama akizijua nne tu, hatadanganywa na mtu. Ya kwanza ni mwangwi, ambao vijana wanauita eko. Inarudisha sauti uliyopiga, mara moja au zaidi, kama vile mtu anavyoita kwenye kilima kimoja cha Masisi na kilima cha pili kinamjibu. Ya pili ni ile ya ukumbi: inafanya gitare isikike kama inapigwa ndani ya kanisa kubwa la matofali hata kama mko chini ya hema. Ya tatu ni korasi: inafanya gitare moja isikike kama mbili zinazopiga pamoja, na sauti inakuwa kama maji yanayotembea. Ya nne ni ile ya kukwaruza sauti, distosheni: inafanya gitare ipige kelele nzito, kama katika muziki wa roki.

Kuna vitu vinavyotangulia

Shuleni hatumpi mtoto kalamu za rangi kumi kabla hajajua kushika moja. Pedali haiponyeshi gitare iliyo mgonjwa. Gitare ambayo haiko sawa, ukiitia eko, utasikia kosa lilelile mara tatu.

Kwa hiyo, kabla ya kuongea juu ya pedali, kikundi kiulize vitu vinne.

Nyuzi zikoje? Walikale kuna mvua na unyevu wa pori, na nyuzi za chuma zinashika kutu upesi. Uzi wenye kutu unatoa sauti iliyokufa, na unakata vidole. Nyuzi mpya sita ni bei ndogo kuliko pedali yoyote, na mara nyingi ndizo tu zilizokosekana. Kupangusa nyuzi na kitambaa kikavu kila baada ya kupiga hakuna bei.

Gitare inapatanishwa na nini? Nyuzi sita, kutoka nene mpaka nyembamba, zinapaswa kutoa mi, la, re, sol, si, mi. Kuna pedali za kupatanisha zinazouzwa, lakini simu nyingi za vijana wetu zinaweza kupokea programu ya bure inayofanya kazi hiyo. Ikishaingia ndani ya simu, mara nyingi haihitaji tena mtandao. Hapo mmeokoa bei ya pedali nzima.

Waya ukoje? Gitare inayokohoa, inayokatika na kurudi, mara nyingi ugonjwa wake uko kwenye waya au kwenye tundu ambamo waya unaingia. Fundi wa redio mwenye chuma cha kuchomea risasi anaweza kuponyesha. Na mkinunua pedali, kumbukeni kwamba mtahitaji waya mbili: moja kutoka gitare hadi pedali, nyingine kutoka pedali hadi ampli.

Ampli iko? Hili ndilo ulizo kubwa, tutarudi kwake. Makanisa mengi ya kwetu hayana ampli ya gitare. Yana bafle na meza ndogo ya kuchanganya sauti za mikro, na gitare inachomekwa moja kwa moja humo.

Wakubwa wetu walianza na nini?

Vijana wanaweza kusema, «Mama, bila pedali hatuwezi kupiga kama wakubwa.» Basi tuwakumbushe wakubwa walianzaje.

Franco Luambo Makiadi, aliyezaliwa mwaka 1938, alikuwa mtoto wa mama aliyeuza mikate sokoni Léopoldville, mji tunaouita leo Kinshasa. Alipokuwa mdogo alijitengenezea gitare ya kopo na nyaya, akaipiga karibu na meza ya mama yake ili kuvuta wateja. Mwaka 1956 alikuwa kati ya walioanzisha OK Jazz. Shule yake ya kwanza ilikuwa meza ya mama muuza mikate.

Jean-Bosco Mwenda wa Katanga alipiga gitare ya mbao isiyo na umeme, kwa kidole gumba na kidole cha shahada, akiimba kwa Kiswahili. Mwaka 1952 Mwingereza Hugh Tracey alimkuta Jadotville, mji unaoitwa leo Likasi, akamrekodi. Mpaka leo wapigaji wa gitare wa Afrika, Ulaya na Marekani wanajifunza vidole vyake. Hapakuwa na pedali hata moja.

Nicolas Kasanda, ambaye watu walimpa jina la Docteur Nico, alimaliza masomo mwaka 1957 kama mwalimu wa ufundi. Sisi walimu tunafurahi kulikumbuka jambo hilo. Mwaka 1960 alikuwa Brussels pamoja na African Jazz ya Joseph Kabasele, wakati wa mazungumzo ya uhuru wa inchi yetu. Sifa ya gitare yake ni usafi: kila noti inasikika peke yake, kama shanga kwenye uzi.

Na Kinshasa, mzee Mingiedi Mawangu wa kundi la Konono N° 1 alitaka likembe isikike katikati ya kelele za mji. Alitumia sumaku za vyuma chakavu vya magari kutengeneza vyombo vya kunasia sauti. Sauti ikatoka imekwaruzika, na ukwaruzo huo ukapendwa duniani kote. Distosheni yake ilitoka kwenye vyombo vyenyewe, hakuinunua dukani.

Tarehe 14 mwezi wa 12 mwaka 2021, UNESCO iliandika rumba ya Kongo katika orodha ya urithi wa wanadamu. Kazi kubwa ya urithi huo imefanywa na gitare zenye sauti safi: moja ya kushika mapigo, moja ya kuimba juu, na katikati ile inayoitwa mi-solo. Kwa hiyo kijana anayetaka kupiga muziki wa kwetu anahitaji kwanza mkono ulio safi. Pedali inakuja kama chumvi. Hakuna anayepika chumvi peke yake.

Basi, ipi ya kwanza?

Tukitazama nyimbo za kwaya zetu, na rumba na sebene zinazopigwa kwenye arusi, pedali ya kwanza yenye faida ni eko. Gitare moja iliyo peke yake, bila gitare ya pili ya kuisindikiza, inaacha mashimo katika wimbo. Eko kidogo, jibu moja au mawili ya chini, inajaza mashimo hayo. Korasi ni ya pili. Inapendeza kwenye nyimbo za polepole, lakini ikizidi inafanya sauti ilewe.

Distosheni iwe ya mwisho kwa kwaya. Hatusemi ni mbaya. Ina muziki wake. Lakini inafunika maneno. Na kwetu neno ndilo linalobeba wimbo. Wazee wa Wanyanga wa Walikale walipoimba habari za Mwindo, vijiti na kayamba vilisindikiza tu, ili hata mtoto aliyekaa nyuma asikie nini kilimpata shujaa. Kwaya ambayo maneno yake hayasikiki, hata gitare yake ikiwa ya Ulaya, watu wanarudi nyumbani mikono mitupu.

Sasa turudi kwenye ulizo la ampli, kwa sababu ndilo linaloamua.

Kama kwaya ina ampli ya gitare, hata ndogo, nunueni eko moja tu. Imetosha kwa mwaka wa kwanza.

Kama kwaya haina ampli na gitare inachomekwa kwenye meza ya mikro, eko peke yake inaweza isitoshe. Matundu mengi ya meza hizo hayakufanywa kwa ajili ya umeme dhaifu wa gitare, na ndiyo sababu sauti inatoka nyembamba na kali kama kopo. Hapo tunashauri kisanduku kimoja chenye vyote ndani: eko, ukumbi, korasi, na mfano wa sauti ya ampli. Vingi vina hata kipatanishi cha nyuzi na mapigo ya ngoma ya kufanyia mazoezi, na tundu la kusikiliza kwa masikio peke yako. Tundu hilo lina thamani kubwa katika nyumba ya wakimbizi au ya familia mbili, mahali ambapo mtoto mchanga amelala upande wa pili wa turubai.

Kisanduku hicho kina ubaya wake. Kikifa, vyote vimekufa pamoja. Na kina vifungo na sauti nyingi, hata kijana anaweza kumaliza saa nzima akigeuza vifungo bila kupiga wimbo. Shuleni tunaijua tabia hiyo: mtoto anayechonga penseli mpaka somo linaisha. Mwalimu wa kwaya aseme tangu siku ya kwanza: mwezi huu tunatumia sauti tatu tu.

Hesabu ya umeme

Mama, hapa ndipo feza inapotelea, kwa hiyo tusome polepole.

Pedali nyingi zinatumia umeme wa volti 9. Unaweza kutoka kwenye betri ya mraba ya volti 9, au kwenye shaja yake. Betri nzuri ya aina hiyo inabeba karibu miliampea 500 kwa saa moja. Pedali ya distosheni inakula kidogo, mara nyingi chini ya 10. Eko ya kidijitali inakula zaidi, mara nyingi 50 au zaidi.

Tugawanye kama darasani. 500 kwa 10 ni saa 50. 500 kwa 50 ni saa 10. Kwaya inayofanya mazoezi mara mbili kwa juma, saa 2 kila mara, na kupiga saa 3 siku ya Mungu, inatumia saa 7 kwa juma. Basi eko itamaliza betri moja karibu kila siku kumi. Kwa mwaka ni betri zaidi ya 30. Je, nani atazinunua? Kama karatasi ya vijana haina mstari wa betri, haijakamilika, warudishiwe waimalize.

Na kuna siri ambayo wengi hawaijui. Kwa pedali nyingi, betri inaanza kuliwa mara tu waya wa gitare unapochomekwa, hata kama hujakanyaga kitu. Kijana akiacha waya ndani ya pedali usiku, saa 12, eko itakuwa imekula betri yote mpaka asubuhi. Sheria ni hii: mazoezi yakiisha, waya unatoka kwanza.

Visanduku vyenye vyote ndani viko tofauti. Vingine vinatumia mawe madogo ya redio. Kwa mfano Zoom G1 Four inatumia manne, na mtengenezaji anasema yanafika saa 18. Kwa kwaya ya saa 7 ni majuma mawili na nusu. Mawe hayo yanapatikana hata kwenye soko la kijijini, lakini chagueni yale yenye nguvu. Ya bei ya chini sana hayafiki mbali. Wenye plaki ya jua wanaweza kutafuta yale yanayojazwa tena.

Sasa onyo. Vijana wengine wanaona betri kubwa ya plaki ya jua na kusema, «Tuchomeke humo.» Hapana. Betri hiyo ni ya volti 12, na jua likiwaka vizuri inapita 14. Pedali ya volti 9 inaweza kuungua mara moja. Lazima pawe na kifaa cha kushusha volti 12 kuwa 9, na fundi apime kabla. Pia kuna jambo la alama: katika pedali nyingi, katikati ya tundu la umeme ni upande wa kutoa, na pembeni ni upande wa kujumlisha. Shaja nyingi za redio ni kinyume. Karibu na tundu kumechorwa alama hizo. Alama za shaja na za pedali zifanane. Kwa wenye betri ndogo ya kujazia simu, kuna waya maalumu wa kupandisha volti 5 kuwa 9. Huo ni mdogo na unaingia mfukoni.

Mgongo utakaobeba

Katika inchi nyingine hakuna anayeuliza ulizo hili. Kwetu tunauliza: siku ya kuondoka kwa haraka, kitu hiki kitabebwa na nani?

Pedali moja ya kawaida ina uzito wa karibu nusu kilo. Inaingia kwenye mfuko pamoja na nguo za mtoto. Pedali tano juu ya ubao, pamoja na shaja na nyaya zake, ni mzigo wa mtu mmoja, na mtu huyo angeweza kubeba unga au mtoto. Hii peke yake ni sababu ya kutosha ya kuanza na kimoja. Kikundi kiamue mapema, kabla ya siku mbaya, kwamba kifaa kinabebwa kama kuna nafasi, na kinaachwa kama hakuna. Asiwepo kijana wa kurudi nyuma kukitafuta. Neno hilo liandikwe na lisomwe mbele yake.

Siku za kawaida, adui ni maji na moshi. Kiwekwe ndani ya mfuko wa plastiki usiotoboka, kisha ndani ya kopo au sanduku, mbali na jiko. Betri itolewe kama kifaa hakitapigwa kwa mwezi, kwa sababu betri iliyooza inamwaga maji yanayokula vyuma vya ndani. Kwenye pikipiki kuelekea Nyabiondo au Hombo, kizungushiwe kitenge. Njia tunaijua.

Feza na daftari

Pedali mpya ya jina kubwa kama Boss, huko zinakouzwa kwa wingi, mara nyingi inapita dola 60, na nyingine zinapita 100. Pedali ndogo za China mara nyingi ziko kati ya dola 25 na 50. Kwetu ongezeni safari na faida ya mfanyabiashara. Jina kubwa linadumu, lakini jina kubwa pia linaigwa. Kwa hiyo msinunue kwa jina tu, nunueni kwa sikio.

Anayekwenda kununua aende na gitare yao wenyewe na waya wao. Apige kwanza bila pedali, kisha nayo ikiwa imezimwa: sauti isipungue. Aiwashe na kuizima mara 20. Isiruke hata mara moja. Ageuze kila kifungo polepole, kisikwaruze. Atikise waya kwenye matundu; sauti isikatike. Atazame alama za umeme. Achukue karatasi ya mauzo yenye tarehe. Na asiende peke yake: kijana mmoja anayepiga na mama mmoja anayehesabu.

Juu ya mkopo, tuna shauri moja. Mkopo wa kijana mmoja na mali ya kikundi ni vitu viwili. Kama ni mkopo, uandikwe kama mikopo mingine yote: jina, kiasi, tarehe ya kurudisha. Kila arusi wanayolipwa, sehemu inarudi kwenye kasha. Kama ni mali ya kikundi, kifaa kina daftari lake: nani amekichukua, amekirudisha lini, betri zimenunuliwa na nani. Tumeona mahali urafiki ulikufa kwa sababu ya mali ambayo kila mtu alisema ni yake. Daftari la kurasa chache lingeweza kuuokoa.

Na kama kasha halina nguvu juma hili, kusema «bado» si aibu. Nyuzi mpya, waya ulioponyeshwa na programu ya simu vinaweza kubadilisha kwaya ndani ya mwezi mmoja. Baada ya hapo mkopo wa eko utaombwa na watu walioonyesha kwamba wanatunza.

Na binti zetu?

Neno la mwisho. Katika karatasi zilizotufikia, wanaopiga wote ni wavulana. Wasichana wameandikwa kama sauti tu. Feza ya kasha ni ya akina mama. Akina mama wana haki ya kuweka sharti: kama kifaa ni cha kikundi, wasichana wawili wafundishwe gitare pamoja na wavulana, siku moja na saa moja, mahali penye watu. Vidole vya binti anayesuka nywele, anayefuma vikapu na kuchambua maharagi havishindwi na nyuzi sita. Na akifika na mkono wake kazini, atajifunza pia kukanyaga.

Katika mkutano wenu wa juma hili, chukueni karatasi ya vijana na msome pamoja nao. Waulizeni: nyimbo gani mnapiga sasa, siyo mwaka ujao? Ampli iko? Umeme utatoka wapi, na kwa bei gani kwa mwezi? Nani atabeba? Nani ataandika? Wakijibu yote matano, wafungulieni kasha kwa kifaa kimoja. Wasipojibu, wapeni juma moja wakatafute majibu. Hiyo pia ni masomo.

Tukutane juma lijalo, Mungu akipenda. Mlio na maulizo mengine juu ya watoto na shule, muyatume kwa mama mkuu wa kikundi chenu, naye atatufikishia.